Kofia Tano za Kufuma

Wapo watu wanaosafiri na Biblia. Mimi nasafiri na chemshabongo. Nilianza shule ya msingi na lile la mtu anayevusha chui, mbuzi na majani, nikamaliza chuo nikiwa nimeyaonja karibu yote: ya mizani, ya msema kweli na mwongo, ya miraba ya namba inayojazwa mpaka macho yanauma. Nayapenda kwa sababu tangu utotoni kila nilipouliza swali nilijibiwa "ndivyo tulivyokuta" au "kula ulale." Kwenye chemshabongo hakuna mtu mzima wa kukunyamazisha. Jibu lipo, na likipatikana hakuna cheo kinachoweza kulipinga.

Tatizo ni kuwapata wenzako wa kucheza nao. Mjomba wangu wa Mbaha, kando ya Ziwa Nyasa, mvuvi, nilimpa lile la chui na mtumbwi.

"Huyo chui anampeleka wapi?" akaniuliza.

"Haijalishi, mjomba. Mtumbwi unabeba kimoja tu kwa safari."

"Mtumbwi gani huo? Mwambie aje achukue wangu." Akafikiri kidogo. "Ila chui abaki."

Lile la msema kweli na mwongo ndilo lililonishinda kabisa kuliteremsha ziwani. Unakutana na watu wawili njiani, mmoja husema kweli daima, mwingine hudanganya daima, nawe umeruhusiwa swali moja tu. Swali moja! Mbaha huwezi kumwuliza mtu njia kabla hujamwuliza habari za nyumbani, za watoto, za ziwa, na zote zitakuwa nzuri. "Nzuri tu," anakujibu jirani, "ila bati zote zimeondoka na upepo." Kwa kanuni zangu kijiji kizima kingehesabiwa cha waongo, na bado hakuna anayedanganyika.

Hiyo "nzuri" ndiyo iliyonipeleka Mbaha mwaka jana. Bibi yangu mzaa mama, anayeishi huko, alishukiwa kuwa na mtoto wa jicho, na kwetu Mpepai, juu milimani, tulikuwa tumesikia kwamba madaktari wa macho wangefika Mbinga wiki iliyofuata. Lakini bibi akiulizwa habari za macho anajibu nzuri, bila hata ile "ila." Mama alishuka mwenyewe kumpima. Alimnyooshea vidole mbele ya uso na kumwuliza ni vingapi.

"Vile vile nilivyokuzaa navyo," bibi akamjibu, akamwambia kama amekuja kucheza akacheze na watoto wenzake.

Mama akapandisha mlima amenuna. Akafagia chumba cha uani na kutandika kitanda. "Wewe ndiye mwenye digrii," akaniambia. "Nenda ukajue anaona au haoni. Kama haoni, aende kwa madaktari. Wakishindwa, ahamie hapa. Na habari ya chumba usiitaje, hatakupokea hata shikamoo."

Kumhamishia bibi Mpepai ni kumhukumu. Sisi tunalima kahawa, maharage na mahindi, na asubuhi za Juni tunaongea huku meno yanagongana. Yeye maisha yake yote ameamka akasikia ziwa, akaanika usipa, hao dagaa wetu wa Nyasa, akawafukuzia kunguru. Maharage anayaita chakula cha wagonjwa. Kwa hiyo nilishuka na mzigo: nikigundua haoni, huenda mimi ndiye nitakayemwondoa kwake.

Kumnyooshea vidole tena kusingewezekana. Nikaamua kutumia chemshabongo ninalolipenda kuliko yote, lile la kofia. Kofia tano, nyeupe tatu na nyekundu mbili. Watu watatu wanafumba macho, kila mmoja anavishwa moja, mbili zinafichwa. Wakifumbua, kila mmoja anaona za wenzake, yake haioni. Aseme yake ni rangi gani. Utamu wake ni kwamba hata mtu akisema "sijui," amekupa habari. Ni mchezo pekee ninaoufahamu ambao ujinga wa mwenzako ni ushahidi.

Na kofia zilikuwepo. Kila ndugu anayeteremka ziwani, mama humpa kofia aliyoifuma kwa uzi wa sweta, ampelekee bibi asije akapata baridi. Mbaha, ambako hata kuku hutembea wamefungua midomo kwa joto. Sandukuni mwa bibi nilikuta nyeupe tatu na nyekundu mbili, zote mpya.

Kesho yake mchana, baada ya ugali, niliwakalisha barazani: bibi, mjomba, na mama mdogo, mdogo wake mama anayeishi na bibi. Mjomba na mama mdogo niliwavisha nyekundu. Bibi nyeupe. Mtego ulikuwa mwepesi: bibi angeanza kujibu. Kama anaona nyekundu mbili mbele yake, basi nyekundu zimekwisha, yake ni nyeupe, jibu linamwangukia mapajani. Kama haoni, atakwama.

"Haya bibi, anza. Yako ni rangi gani?"

"Tangu lini mkubwa akaanza, mume wangu?" Ndivyo anavyoniita, kama bibi wengi wanavyowaita wajukuu wa kiume. "Kwani mimi ndiye wa kuwaamkia hawa? Waanze wadogo."

Kwa heshima hiyo mtego wangu ukafunguka. Mjomba alimkodolea bibi macho, akamkodolea dada yake, jasho likimtiririka hadi kidevuni. "Sijui. Ninachojua ni kwamba naiva."

"Mama mdogo?"

"Sijui na mimi. Shii! Kunguru hao!"

"Nyeupe," akasema bibi.

Nikaduwaa. Maana kwa mpangilio ule, wa mwisho anaweza kupata jibu hata akiwa amefumba macho. Mjomba akisema hajui, ina maana hakuona nyekundu mbili. Mama mdogo, akishalisikia hilo, angeiona nyekundu kwa bibi angejua papo hapo kwamba yake ni nyeupe. Naye hakujua. Basi ya bibi si nyekundu. Wenzangu wa chuo walihitaji kalamu na karatasi kufika hapo. Bibi hakuwa hata ameweka chini kikombe chake cha chai.

"Bibi, umefikirije?"

"Nyeupe zinawasha," akasema, akijikuna juu ya sikio. "Nyekundu mama yako alipata uzi laini."

Mjomba akacheka mpaka akaivua kofia, nikamrudishia kichwani. Sijui nilipatwa na nini. Nadhani ni hasira ya kushindwa na muwasho, ambao hakuna kitabu cha mantiki kinachoutaja. Swali likanitoka lenyewe, lile ambalo halihitaji akili hata kidogo.

"Na mjomba, bibi? Ya mjomba ni rangi gani?"

Mjomba alikuwa amekaa hatua mbili kutoka kwake. Bibi akamgeukia. Akamgeukia kwa muda mrefu.

"Imempendeza," akasema.

Mama mdogo aliacha kufukuza kunguru, nao wakashuka kichanjani, wakala usipa. Nilitamani kulirudisha lile swali mdomoni.

Bibi alivua kofia yake, akaikunja. "Kile chumba cha uani alichokifagia mama yako, ni cha nani?"

Nikamtazama mama mdogo. Akatazama simu yake iliyokuwa mapajani, nikaelewa habari ilipita wapi.

"Inategemea, bibi."

"Dada yangu alipandishwa huko kwa ajili ya mguu. Mpaka leo yuko huko, makaburini. Niambie vizuri. Nikienda kwa hao madaktari wakanitengeneza nikaona, chumba kinakuwa cha nani?"

"Cha magunia ya mahindi."

"Nisipokwenda?"

"Chako."

"Kwa hiyo nikienda narudi, nisipokwenda nahama."

"Wakifanikiwa, ndiyo."

"Na hilo ulilijua tangu jana."

"Ndiyo, bibi."

"Ukaona bora utuvalishe masweta kichwani." Akaninyooshea kikombe nimwongezee chai. "Digrii ya miaka mingapi ile?"

"Mitatu."

"Pole."

Wiki iliyofuata tulipanda naye Mbinga. Alilala kwetu siku kadhaa, amefungwa jicho moja, akilalamikia baridi na maharage, na kile chumba alikikagua kwa mkono, ukuta hadi ukuta, akasema kinafaa sana kwa mahindi. Bandeji ilipotoka aliniangalia kwanza mimi. "Kumbe ndevu ndiyo hizo," akasema, nikazinyoa kesho yake.

Tulipomrudisha Mbaha, mjomba alikuwa akitusubiri mbele ya nyumba juani, ile kofia iko kichwani, jasho likimmwagika. Alikuwa amekatazwa na mama mdogo kusema neno lolote. Bibi alishuka garini, akasimama, akamkazia jicho lake jipya.

"Nyekundu," akasema. "Na haijakupendeza hata kidogo."