Kila Mara Pikapu Ikiwa Safi

Niliinunua pikapu yangu Jumatatu, tarehe 4 Machi 1996, ikiwa mpya, na waranti yake ilikuwa ya mwaka mmoja. Mimi ni mtu wa tarehe. Mama yangu alinizaa mwaka wa nzige na hakuna aliyekumbuka mwezi, sembuse siku. Hata ile iliyo kwenye kitambulisho changu ilibuniwa na karani. Kwa hiyo tangu nilipojifunza kusoma, nikiwa tayari mama wa watoto wanne, katika madarasa ya jioni ya watu wazima kule Makadara, Nairobi, sijakubali siku yenye maana kwangu ipite bila kujua ilikuwa tarehe ngapi.

Mume wangu alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Mafao yake yalipotoka, shemeji zangu walikuja kwangu mtaani Umoja kunishauri.

“Shemeji, chukua mtumba wa kutoka Dubai,” mkubwa wao aliniambia. “Mjane na gari mpya, watu watasema nini?”

“Watasema ni mpya,” nikamjibu.

Nilitaka kitu ambacho hakuna mtu mwingine aliyekichosha kabla yangu. Tena nilikuwa na kazi ya kukipa. Mimi na jirani yangu, mama mmoja wa kutoka Magharibi mwa Kenya mwenye mkono wa ajabu kwenye jiko, tulikuwa tumepata tenda ya kuwapikia wafanyakazi wa kiwanda cha magodoro katika Eneo la Viwanda. Tulipika uani kwangu asubuhi, tukapakia sufuria kwenye pikapu zikiwa zimefungwa kwa blanketi, na saa saba kamili chakula kilipaswa kuwa mbele ya watu. Nje ya tenda ile sikuwa na njia nyingine ya kulipa karo.

Mwezi wa Juni gari likaanza kuchemsha. Likiwa tupu halikuwa na neno. Likibeba sufuria na kukutana na msongamano wa Jogoo Road, mshale wa joto ulipanda hadi kwenye wekundu na mvuke ukatoka chini ya boneti. Tulisimama kando ya barabara tukingoja lipoe, jirani yangu akilipepea boneti kwa leso yake kana kwamba ni mtu aliyezimia.

Nililirudisha kwa waliouza tarehe 17 Juni. Lilikuwa duka kubwa, magari mapya yakiwa mbele kwenye vigae vyeupe na gereji nyuma. Kabla ya kwenda nililiosha. Sikuliosha juu juu: nilifungua boneti, nikasugua injini kwa brashi na sabuni mpaka chuma kikang’aa. Sisi tulivyolelewa, hupeleki kitu kichafu mbele ya wageni. Mtoto anapougua, kwanza anaogeshwa, anapakwa mafuta na kuvishwa nguo ya kanisani, ndipo anapelekwa kliniki. Sikuona kwa nini gari langu litendewe vingine, hasa mbele ya watu ambao wangependa kudhani kwamba mjane wa mitaa ya Eastlands hajui kutunza mali.

Fundi alifunua boneti akapiga mluzi. “Mathe, hii injini ni safi kuliko sahani za kwetu.”

“Linachemsha,” nikamwambia, “likiwa na mzigo.”

Aliliendesha uani mzunguko mmoja, likiwa tupu, akarudi akitabasamu. Walibadilisha kifuniko cha rejeta wakanirudishia. Wiki hiyohiyo likachemsha tena.

Nilirudi tarehe 9 Septemba, gari likiwa limeoshwa. Wakabadilisha mpira wa maji. Nilirudi tarehe 12 Novemba, gari likiwa limeoshwa. Safari hii meneja wa gereji alitoka mwenyewe, kijana wa tai na kalamu mfukoni, akainamia injini bila kuigusa.

“Mama, hapa hakuna alama ya kuvuja hata kidogo. Labda ni namna ya kuendesha. Nani huliendesha?”

“Mimi.”

“Aa,” akasema, kana kwamba ugonjwa umepatikana.

Nilimweleza tena, polepole, kwamba wanalijaribu likiwa tupu na mimi siinunulii hewa mafuta ili iende kazini. Nikamwomba aliendeshe likiwa na mzigo mpaka Makadara na kurudi. Alicheka kwa adabu akasema kampuni haina utaratibu huo. Niliondoka nikiwa nimekaza meno hivi kwamba taya iliniuma hadi nyumbani.

Mwaka ukageuka. Februari 1997 maji yalikatika mtaani. Tulinunua ya mitungi, na yote yakaenda kwenye sufuria. Siku moja jirani yangu alinikuta nimesimama mbele ya pikapu na ndoo mkononi, nikilitazama tope kavu.

“Wewe mama! Ya kupikia ni ya kutafuta, utaiosha na nini? Machozi?”

Nikairudisha ndoo jikoni, lakini niliona aibu kila nilipoliwasha gari lile.

Katika siku hizo tulichelewa kiwandani tena, na msimamizi akaniita kando. “Mama, chakula chako ni kitamu. Lakini watu wangu hawawezi kula utamu saa nane. Ukichelewa mara nyingine, namchukua yule mama wa mtaa wa Mowlem anayeitaka tenda hii.”

Ndivyo mambo yalivyokuwa Ijumaa, tarehe 28 Februari. Tulikuwa tumeingia Eneo la Viwanda, chakula kikiwa nyuma, mshale ulipopanda kwenye wekundu. Duka la magari lilikuwa karibu kuliko kiwanda. Nilikata kona nikaingia kwenye lango lao na gari langu chafu, mvuke ukitoka, na kulisimamisha mbele ya vigae vyeupe, mahali ambapo hakuna gari jipya ambalo lingeweza kutoka wala kuingia. Nilishuka nikianza kuomba radhi kwa ajili ya tope.

Yule fundi wa mluzi alifunua boneti. Hakupiga mluzi.

“Mathe! Kumbe hii kitu inavuja! Cheki hii kutu.”

Kutoka kwenye pampu ya maji hadi chini kabisa ulikuwa umechorwa mchirizi mwekundu, tabaka juu ya tabaka, kazi ya wiki nyingi. Meneja aliitwa akautazama.

“Mama, hii haikuwepo Novemba.”

“Ilikuwepo. Niliiosha.”

“Uliiosha?” Aligeukia mafundi wake akitafuta mtu wa kucheka naye. “Basi wewe ndiye uliyekuwa ukituficha ugonjwa!”

Nilimgeukia. “Mwanangu, mara tatu nimewaambia kwa kinywa changu kwamba linachemsha likiwa na mzigo. Masikio yenu nayo niliyaosha?”

Fundi aliangalia pembeni. Meneja alitoa kalamu, akaibofya. “Sawa. Pampu tutabadilisha. Leo tumejaa. Lilete Jumatano.”

“Jumatano ni tarehe tano.”

“Sawa, tarehe tano.”

“Waranti yangu inaisha tarehe nne.”

Akaibofya kalamu tena. “Siku moja haiwezi kukosanisha watu, Mama.”

“Basi niandikie kwamba tarehe tano bado ni siku ya waranti.”

Kalamu ilirudi mfukoni, nami nikapata jibu langu. Nikiondoka pale na gari lile, ugonjwa ule ungekuwa wangu peke yangu. Nikibaki, chakula kingechelewa, na Jumatatu yule mama wa Mowlem angekuwa anapakua. Nilitazama nyuma ya gari. Jirani yangu alikuwa ameshashuka na kusimama barabarani, mkono juu, akimwita mtu wa mkokoteni.

“Mimi naenda na chakula,” akasema. “Wewe kaa na mgonjwa wako.”

Sufuria zilihamishwa moja moja. Niliutazama mkokoteni ukiondoka, jirani yangu akiuandama kwa mwendo wa haraka huku akishika vifuniko. Baadaye aliniambia alifika saa saba kasoro kidogo, na kwamba wafanyakazi walimpokea kwa vicheko: “Leo gari mpya imeota miguu ya mtu!” Lakini walikula.

Mimi nilikaa kwenye kibao cha mlango wa pikapu. Bwana na bibi waliovaa vizuri walikuja kutazama magari mapya, wakasimama wakishangaa mvuke.

“Ni magari mazuri,” nikawaambia. “Mradi tu msipakie kitu.”

Meneja alikuja mbio. “Mama, tafadhali, njoo ndani tukupatie chai.”

“Chai napika mwenyewe.”

Ikawa kwamba siku ile hawakuwa wamejaa sana. Pampu mpya iliwekwa kabla ya saa kumi. Meneja alinipa ufunguo kwa ncha za vidole.

“Sasa tulijaribu,” nikasema, “likiwa na mzigo.”

“Mzigo uko wapi, Mama? Chakula kilikwenda.”

Nilitazama mafundi waliokuwa wamesimama na vitambaa mikononi, halafu nikamtazama yeye. Fundi wa mluzi ndiye aliyeelewa kwanza. Alirukia nyuma ya pikapu, wenzake wakamfuata wakisukumana. “Bosi, panda! Wewe ndiyo uko na kilo!” Meneja alitaka kukasirika, lakini bwana na bibi wale, waliokuwa bado dukani wakijadili bei, walikuwa wanatazama. Alipanda, tai ikipeperuka, akashika ukingo kwa mikono miwili.

Niliendesha mimi. Nilifuata Jogoo Road wakati ambao kila gari la Nairobi lilikuwa huko, tukasimama, tukasogea, tukasimama, mpaka karibu na mahakama za Makadara, kisha nikageuza. Vijana wa kando ya barabara walipiga kelele: “Buda wa tai, umeshikwa na polisi?” Sikucheka. Macho yangu yalikuwa kwenye mshale. Ulipanda hadi katikati ukatulia hapo, na kadiri ulivyotulia ndivyo hasira yangu ilivyozidi, kwa sababu safari hii, hii tu, ndiyo niliyoiomba Novemba.

Jumatatu, tarehe 3 Machi, waranti ikiwa bado hai, nilifika kiwandani chakula kikitoa moshi na saa saba haijagonga. Msimamizi alitazama saa yake, kisha akalitazama gari, ambalo lilikuwa bado na tope la Februari.

“Mama, siku hizi huoshi gari?”

“Naosha sahani,” nikamwambia, nikafungua sufuria ya kwanza.