Chiriku Alipojifunza Kunyamaza

Jina lake la kuzaliwa lilibaki kwenye vyeti tu. Mtaani, saluni na hatimaye jukwaani, watu walimjua kwa jina la Chiriku. Alipewa na shangazi yake tangu angali mtoto, kwa sababu akishaanza kusema hakuwa na breki. Na akimwigiza mtu, hata huyo anayeigizwa alijikuta ameshika mbavu.

Alikuwa msusi. Saluni yake ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba waliyoishi, chenye vioo viwili vikubwa, viti vya plastiki, na drayer kongwe ya kukaushia nywele iliyonguruma hadi redio haisikiki. Wateja walikuja kwa ajili ya nywele, ila wengi walibaki wamekaa hata baada ya kumaliza kusukwa. Chiriku alisuka huku anasimulia, na akifika penye utamu mikono ilisimama hewani. Mteja mwenye kichwa kilichosukwa nusu hakulalamika; alitaka kujua kilichofuata.

Mmoja wa wateja hao alikuwa na ukumbi wa burudani, ghorofani juu ya duka la vitambaa. Mwanamke huyo alicheka siku moja mpaka wanja ukamchuruzika mashavuni.

"Mdogo wangu," alisema akijifuta, "haya mambo unayagawa bure humu ndani? Jumamosi njoo kwangu upande jukwaani."

Chiriku alidhani ni utani. Jumamosi jioni akajikuta amesimama kwenye jukwaa la mbao, maiki imefungwa juu kwa kimo cha mtu mwingine. Maneno yote aliyoyapanga njiani yalimtoka kichwani. Akashika lililokuwa karibu naye kuliko yote, yaani mumewe.

Mumewe alikuwa fundi bomba, mtu mrefu, mpole, asiyesema neno mpaka liwe na kazi.

"Jamani," Chiriku alianza, "mimi nimeolewa na mtu wa maneno machache. Jumatatu namuuliza, umeshindaje? Alhamisi ananijibu, salama."

Watu wakacheka. Akaishusha maiki ikamfikia mdomoni.

"Siku aliyokuja kuniposa hakusema kitu. Aliingia, akasikia bomba la jikoni linadondosha maji. Akalikaza, akanawa mikono, akakaa. Baba akaniita pembeni: mwanangu, kama wewe humtaki, mimi namtaka."

Ukumbi ukapasuka. Chiriku akangoja watulie kidogo, kisha akainamisha kichwa upande na kutega sikio, kama mumewe anavyofanya kazini.

"Juzi nikamuuliza, hivi mume wangu, unanipenda? Kimya. Akainama hivi. Nikasema moyoni, leo nimependwa. Kumbe anasikiliza panapovuja."

Alishuka jukwaani amelowa jasho na amefurahi kupita kiasi. Nyumbani alimsimulia mumewe utani wote, neno kwa neno. Mumewe alicheka kwa mabega, bila sauti, akasema lile la baba mkwe limemfurahisha zaidi. Kisha akaenda kulala.

Ndivyo kazi ilivyoanza. Chiriku akawa mtu wa Jumamosi, baadaye wa Ijumaa na Jumamosi. Aliitwa kwenye sherehe za ofisi na mahafali ya vyuo. Alijifunza kuusoma ukumbi mara tu anapoingia, akajua meza ya walioshiba na meza ya waliogombana njiani. Alijifunza kumnyamazisha mlevi bila kumvunjia heshima. Na kila alikokwenda, alikwenda na Fundi, yaani mumewe wa kwenye utani. Watu walimdai Fundi kama wanavyodai wimbo waupendao. Kila wiki alimwongezea kituko kipya. Vingine vilitokea kweli, vingi vilizuliwa kwenye kiti cha saluni.

Fundi mwenyewe hakuwahi kukanyaga ukumbini. Hakuwa mtu wa mikusanyiko, na Chiriku hakumlazimisha.

Miaka ikaenda hivyo. Kisha mchana mmoja mumewe alirudi mapema, kabla hata jua halijapungua ukali. Saluni ilikuwa tupu. Aliweka mfuko wa vifaa mlangoni, akaketi kwenye kiti cha mteja, chini kabisa ya drayer, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Unaumwa?" Chiriku aliuliza.

"Siumwi."

Chiriku alisubiri. Alikuwa amemzoea.

"Nilikuwa kwenye nyumba moja," mumewe alisema taratibu. "Niko chini ya sinki, nimelala chali, kichwa kimo kabatini. Nikasikia miguu. Wamekuja jikoni, wote wa nyumba ile na jirani zao. Mama mwenye nyumba akaniuliza, Fundi, unampenda mkeo? Wakanyamaza wanasikiliza. Mimi nikatafuta neno. Nilipochelewa, wakacheka."

Chiriku aliokota kitana kilichokuwa mezani.

"Nilikuwa na jibu," mumewe aliendelea. "Ila nikaona si lao. Nikamalizia kukaza, nikaondoka."

"Wamekukosea adabu," Chiriku alisema.

"Hapana. Walikuwa wanafurahi tu. Wananijua." Alitazama mikono yake. "Mimi ndiye siwajui."

Hakusema zaidi, wala hakununa. Aliinuka akaenda kuoga. Chiriku alibaki amesimama na kitana mkononi, uso ukimwaka moto. Angegombezwa angejitetea, maana kujitetea hakumshindi. Lakini alikuwa ameambiwa tu kilichotokea, na hapakuwa na pa kushika.

Jumamosi hiyo alipanda jukwaani akiwa amekata shauri kutomtaja. Alizungumzia daktari wa meno, akazungumzia foleni, akamwigiza mteja anayetaka asukwe nywele alizoziona kwenye picha ya mtu mwingine. Watu walitabasamu kwa heshima. Kisha sauti ikatoka nyuma: "Fundi yuko wapi?" Na wengine wakaipokea, wakipiga meza: "Tunamtaka Fundi! Tunamtaka Fundi!"

"Fundi yuko kazini," Chiriku alisema.

Wakaangua kicheko, wakidhani ndio ameanza. Alisimama hapo na maiki mkononi. Utani ulikuwa umejaa mdomoni. Neno moja tu lingemwokoa. Hakulisema. Kicheko kikafifia, watu wakatazamana, mtu akakohoa. Chiriku akawashukuru, akashuka.

Mwenye ukumbi alimfuata nyuma ya pazia. "Mdogo wangu, umemwacha wapi yule mume?"

"Nyumbani. Ndiko anakokaa."

"Watu wanakuja kwa ajili yake."

"Basi leo wamemkosa, dada."

Baada ya hapo alipangwa kufungua onyesho, wakati watu bado wanavuta viti. Kisha hakupangwa kabisa. Siku za saluni zikawa ndefu. Alisuka kimya, mpaka wateja wakaanza kumuuliza kama amefiwa.

Mumewe naye aliona. "Kama ni kwa sababu yangu, rudi ukaniseme," alimwambia asubuhi moja wakinywa chai. "Mimi sikukukataza."

"Najua. Nimejikataza mwenyewe."

"Sasa utasema nini?"

"Sijui bado," Chiriku alijibu, na mara hiyo ilikuwa kweli hajui.

Haukupita muda mrefu akaingia saluni mwanamke wa makamo aliyenyoa kipara. Alivuta kiti, akacheka kidogo. "Sina cha kusuka, kama unavyoona. Mimi naongoza michezo ya kuigiza. Nilikuwepo ile Jumamosi waliyokupigia meza."

"Pole kwa kiingilio chako, mama."

"Sikupoteza kitu. Ulikuwa na neno la kukuokoa, nikaliona kabisa linataka kutoka, ukalizuia. Nina nafasi ya mama mmoja kwenye mchezo wangu, na natafuta mtu wa namna hiyo."

"Mimi nachekesha tu. Na siku hizi hata hilo nina shaka nalo."

"Njoo mazoezini. Ukishindwa nitakuambia."

Mazoezi yalifanyika kwenye ghala lililowahi kuwa la karatasi, lenye madirisha ya juu na sakafu iliyochorwa mistari ya chaki kuonyesha kuta na milango. Mchezo ulihusu mama ambaye mwanawe aliondoka nyumbani kwa hasira na kupotea miaka mingi. Siku moja mlango unafunguliwa, mwana amesimama. Mama anamtazama, halafu anasema, "Umekula?" Basi. Mchezo mzima ulielemea kwenye neno hilo.

Chiriku hakuliweza. Mlango ukifunguliwa tu, alilitoa mbio, kama chungu cha moto kinachomuunguza vidole. Akiambiwa asubiri, uso ulianza kufanya kazi: nyusi zinapanda, midomo inapinda.

"Unafanya nini?" mwongozaji aliuliza.

"Naonyesha uchungu."

"Unaomba kicheko."

Lilimchoma, kwa kuwa lilikuwa kweli. Miaka yote ile kimya kwake kilikuwa shimo, na kazi yake ilikuwa kulifukia kabla mtu hajatumbukia.

Nyumbani alimwomba mumewe amsomee maneno ya yule mwana. Mumewe alivaa miwani, akasimama mlangoni akiwa ameshika karatasi kwa mikono miwili kama mtu aliyebebeshwa mtoto wa watu. Alitakiwa aseme "Mama, nimerudi." Badala yake akanyamaza. Kumbe amepoteza mstari, anautafuta, na hakuona aibu kuutafuta. Chiriku alisimama akimtazama. Alitazama mabega yaliyoinama kwa kulala chini ya masinki ya watu, na mvi ambazo hakujua zilianza lini. Moyo ukamjaa. Hakukunja uso wala hakutikisa nyusi. Na neno likatoka lenyewe, chini chini: "Umekula?"

Mumewe akainua macho. "Bado sijasoma changu," alisema.

"Usihangaike. Nimeshakipata nilichokuwa natafuta."

Siku ya onyesho la kwanza alipotokea tu jukwaani watu walicheka. Hakuwa amefanya lolote. Alikuwa ameshika ndoo. Walimwona Chiriku wao, wakajiandaa kuvunjwa mbavu. Zamani angewapa walichotaka. Safari hii aliweka ndoo chini, akaketi, akaanza kuchambua mchele punje kwa punje, akawaacha wacheke mpaka waishiwe. Waliishiwa. Na mlango ulipofunguliwa, alimtazama yule kijana muda wote uliohitajika. Bwana mmoja wa safu za nyuma aliendelea kucheka peke yake, kisha naye akanyamaza. Neno liliposemwa, hakuna aliyecheka.

Fundi alikuwa amekaa pembeni, karibu na mlango, amevaa shati lake la sikukuu. Walipokuwa wanarudi Chiriku alimuuliza ameuonaje mchezo. Alitembea hatua kadhaa akifikiri.

"Yule kijana angefunga mlango," alisema. "Baridi ilikuwa inaingia."

Chiriku alicheka njia nzima, na utani ule hakuwahi kumpa mtu mwingine.

Mwenye ukumbi alipomwita tena, alirudi. Alisimama jukwaani bila haraka, akawatazama watu, nao wakamtazama.

"Nimeingia kwenye mambo ya kuigiza," aliwaambia. "Nimefanya mazoezi wiki nane kujifunza neno moja: umekula? Mama yangu analisema kila siku. Hakuna hata siku moja aliyopigiwa makofi."

Mtu aliuliza habari za Fundi. "Hajambo, anawasalimu," alijibu, akaendelea na lake. Baadhi ya mashabiki wa zamani walisema amepoa, wakahamia kwa wachekeshaji wengine. Wengine walibaki, na wapya wakaja. Alijifunza kujicheka mwenyewe, na akagundua hazina hiyo haina mwisho.

Tangu hapo amekuwa na miguu miwili, mmoja kwenye vichekesho, mwingine kwenye maigizo. Amecheza hakimu, mpangaji mkorofi, na mwaka jana babu fundi cherehani, kwa sharubu za kubandika zilizodondoka katikati ya mazungumzo akazitia mfukoni kama leso. Saluni hajaifunga, ingawa siku hizi anasuka asubuhi tu, kwa sababu vidole vinauma.

Jumamosi iliyopita alikuwa jukwaani, akisimulia jinsi alivyonunua miwani ya kusomea na kugundua nyumba yake ni chafu tangu zamani. Katika safu ya mbele aliketi mama mmoja mnene aliyecheka bila sauti, mwili mzima ukitikisika, akipeperusha mkono kuomba apewe nafasi ya kuvuta pumzi. Chiriku alimwona. Alikuwa na sentensi nyingine tayari, nzuri kuliko ya kwanza. Akaishikilia, akashusha maiki, akamsubiri yule mama amalize.