Leo Pweza Mkubwa wa Bi Shizue Hauzwi

Asubuhi bado mbichi katika kichochoro cha nyuma ya bandari ya Onomichi, na tayari Bi Shizue Kuwabara anagombana na mteja. Mkono mmoja umeshika kisu. Mwingine umefunika ndoo iliyo chini ya mkokoteni wake wa samaki.

"Huyu hauzwi. Nimeshakwambia."

"Shangazi, jioni tunacheza na wale waliokuwa wa Mihara!" analalamika Bwana Sugihara, mwenye kibanda cha tambi hapo jirani. "Pweza asipoliwa leo ataliwa lini?"

"Nimekupa mwingine. Ana miguu minane vilevile."

"Huyu? Huyu si kama kidole changu?"

"Basi kachemshe kidole."

Sugihara anaondoka na pweza wake mdogo, akicheka. Ndani ya ndoo, pweza mkubwa anajikunja kwenye maji ya bahari, hajui kwamba amezua ugomvi mara nne tangu kupambazuke.

Bi Shizue, mwenye umri wa miaka 68, ni mmoja wa wanawake wachache waliobaki wanaouza samaki kwa mikokoteni katika vichochoro vya mji huu. Enzi za mama yake walikuwa wengi hadi wakigombania kona. Siku njema hubakiwa na kama yeni elfu tano. Siku ya mvua hurudi na samaki wake nyumbani akawala mwenyewe.

"Magoti yamekwisha," anasema, "lakini mdomo bado mzima."

Mdomo huo anautumia zaidi uwanjani. Bi Shizue ni shabiki wa Nanga, timu ya besiboli ya Onomichi, tangu akiwa msichana wa kubebeshwa ndoo. Na kwa miaka yote hiyo, adui alikuwa mmoja tu: Pweza wa Mihara, mji wa pili kwa treni.

Kila Nanga wanapoanza mfululizo wa mechi tatu na Pweza, Onomichi nzima hula pweza asubuhi ya mechi ya kwanza. Wa kuchemsha, wa kukaanga, wa kupikwa na wali, yeyote. Mtu asiyekula huangaliwa kwa jicho baya, na timu ikifungwa yeye ndiye mwenye lawama.

Miaka thelathini iliyopita, asubuhi kama hii, mwanamume aliyevaa shati la zambarau la Pweza alishuka kwenye treni, akaja moja kwa moja hadi kwenye mkokoteni.

"Yupi mkubwa kuliko wote?" akauliza.

"Wa nini? Wewe si wa Mihara?"

"Namkomboa. Hamtamla ndugu yangu mbele ya macho yangu."

Alikuwa Hidemitsu Ogata, mchomeleaji wa meli. Akalipa, akabeba pweza wake, akasema anakwenda kumrudisha baharini. Bi Shizue alicheka hadi akakaa chini. Tangu siku hiyo Ogata hakukosa mfululizo hata mmoja. Alikuja, akamtukana kidogo, akatukanwa zaidi, akamkomboa pweza mkubwa. Jioni walizomeana tena uwanjani, yeye upande ule na ngoma yake, Bi Shizue upande huu na sufuria yake ya kugonga.

Majira ya baridi yaliyopita, Pweza waliuzwa. Mmiliki mpya aliwahamishia Fukuyama, akawavisha bluu na kuwaita Radi. Ngoma zimepigwa marufuku. Sasa muziki unatoka kwenye vipaza sauti.

"Eti Radi," anasema Bi Shizue, kama mtu anayetema mwiba wa samaki. "Radi inaliwaje?"

Anafuta ubao wake wa kukatia, kisha anaendelea bila kuulizwa.

"Niliwachukia wale watu. Walikuwa na mrushaji wao wa mkono wa kushoto, Nakatsuka, alitutesa miaka kumi na mmoja. Nilikuwa nikimwona tu, naanza kugonga sufuria. Siku aliyostaafu nililia, nikasema ni kitunguu. Na zile ngoma zao za mapigo manane! Zilikuwa zikianza, wachezaji wetu wanasahau hata kushika gongo. Nimezikumbuka. Sina haya kusema. Nimewakumbuka."

Ndiyo maana pweza mkubwa hauzwi. Mfululizo wa kwanza na hao Radi unaanza leo jioni, na Bi Shizue anataka kujua jambo moja tu, kama Ogata atakuja.

Treni ya kwanza kutoka Mihara inapita. Ya pili inapita. Kila king'ora cha kivuko cha reli kikilia, anainua shingo. Wateja wanapungua, samaki wanaisha, na pweza bado yuko kwenye ndoo.

"Labda mgonjwa," anasema. Baada ya muda, "Labda hana nauli." Kisha, kwa sauti ya chini, "Labda hana sababu."

Adhuhuri anafunika mkokoteni kwa turubai, anafunga aproni upya na kuelekea stesheni. Ndoo anakabidhiwa mwandishi wa makala haya, bila kuombwa. Kwenye behewa abiria wanatusogelea kuchungulia, kisha wanarudi nyuma haraka.

Huko Mihara, nyumba ya Ogata iko hatua chache kutoka reli. Anafungua mlango akiwa na fulana ya kulalia, ndevu hazijanyolewa. Anamtazama Bi Shizue, kisha anaitazama ndoo.

"Mama Nanga," anasema. "Umepotea njia?"

"Wewe ndiye uliyepotea, Bwana Pweza. Ndugu yako nusura aliwe na Sugihara."

"Wangemla tu. Timu yangu haipo tena."

"Kwa hiyo ndiyo unakaa humu unaota ukungu?"

"Nije kufanya nini, Shizue?" Ni mara ya kwanza, atasema Bi Shizue baadaye, kwa mzee huyu kumwita kwa jina. "Nimshangilie nani? Wale watoto wa bluu siwajui. Na kuwashangilia ninyi, heri nife."

"Nani amekuomba utushangilie? Tutatapika."

"Sasa?"

Bi Shizue anaitua ndoo kizingitini.

"Njoo unizomee mimi," anasema. "Miaka thelathini nimezoea. Nikifurahi na hakuna wa kuniambia nyamaza, nitajuaje kama tumeshinda?"

Ogata anachuchumaa na kutia mkono ndoani. Pweza anamzungushia mguu mmoja kwenye kifundo cha mkono, na mzee anamwacha amshike.

"Nikwambie kitu," anasema bila kuinua uso. "Nilimrudisha baharini yule wa kwanza tu. Wengine wote tuliwala. Marehemu mke wangu alikuwa akiwapika na wali. Alikuwa akisema wa kwako ndio watamu."

Bi Shizue anaangua kicheko kinachomtoa jirani dirishani.

"Mmekula timu yenu wenyewe! Na mnashangaa mlikuwa mnafungwa!"

"Punguza sauti, watu wanasikia!"

"Wasikie! Mihara nzima isikie!"

Ogata naye anacheka, huku anafuta macho kwa mkono wenye maji ya chumvi. Anakwenda ndani kuleta hela, maana pweza wa kukombolewa hachukuliwi bure. Hata hivyo, hasemi kama atakuja. Anaibeba ndoo na kufunga mlango.

Tukirudi stesheni, Bi Shizue anaeleza mpango wake. Ameshakata tiketi mbili, pale hasa sehemu ya mashabiki wa Nanga inapoishia na ya wageni inapoanzia, ili kila mmoja akae upande wake na bado wasikilizane matusi. Akiweza, anataka iwe hivyo kila mfululizo, hadi mmoja wao ashindwe kupanda ngazi.

"Asipokuja?"

"Kitabaki kiti. Nitakizomea."

Hata hatujafika kwenye kona, nyuma yetu inasikika ngoma. Mapigo manane, yanasita, yanaanza upya. Nje ya uwanja hakuna wa kuyapiga marufuku.

Bi Shizue anasimama. Hageuki. Anaokota ncha ya aproni na kujifuta uso taratibu, jicho moja, kisha la pili.

"Sikia anavyopiga vibaya," anasema. "Jioni nitamcheka mpaka akome."