Siku Niliyomwacha Baba Mukwe Ainame

Nchelenge muzima hakuna mutu aliyenipita kwa kupiga mupira wa kriketi. Ulizeni pale soko la samaki. Nilivuka kutoka Pweto, upande wa Kongo, wakati wa vita, bila kiatu, na masomo yangu yaliishia pale mutoto anapoanza kuandika jina lake. Hakuna aliyenifundisha. Mukono wangu ulifundishwa na maji ya ziwa Mweru: tulikuwa tunasimama ndani ya mutumbwi na kupiga maji kwa muti, samaki wakimbilie nyavu. Huku Zambia serikali inakataza uvuvi ule. Bon, niliacha samaki, nikapiga mupira.

Kriketi hapa ni ya Wahindi wa maduka. Nilikuwa namubebea mumoja wao magunia ya chisense, dagaa wa ziwa. Siku moja timu yao ikapungukiwa mutu, wakanipa gongo. Hawakuninyang'anya tena.

Lakini sheria moja iliniumiza. Mwenye gongo haruhusiwi kuokota mupira, mpaka wapinzani wenyewe wamuombe; akiokota bila kuombwa, anatolewa. Na mimi nimelelewa hivi: kitu kikianguka mbele ya mukubwa, mudogo njo anainama, anakitoa kwa mikono miwili. Sasa, mara ya kwanza tulipocheza na timu ya Mwansabombwe, mudakaji nyuma ya vijiti vyangu alikuwa baba mukwe wangu, Mubemba, mwalimu mustaafu, magoti mabovu. Mupira ukasimama karibu na muguu wangu. Nikaokota, nikapiga goti, nikamupa. Akapokea vizuri, akashukuru kwa Kibemba, "Natotela, mukwe." Timu yake ikapiga kelele kuomba nitolewe, na ampaya, mwamuzi, akainua kidole. Nimetoka. Wavuvi wakaniita Mikono Miwili mpaka masika.

Halafu akakuja mukubwa wa klabu moja ya Kopabelti, kule migodini. Alitangaza kwamba atachukua muchezaji mumoja tu, nyumba na mushahara juu. Mimi nilikuwa mukimbizi. Kutoka kambini kila mara ni kuomba ruhusa, na kurudi ni kujieleza. Huyo mutu njo alikuwa mulango wangu. Na siku aliyokuja kutazama, tulikuwa tunacheza na Mwansabombwe tena.

Tulifika mwisho. Mipira miwili imebaki, tunahitaji mbio mbili, na gongo liko kwangu. Upepo wa ziwa ulikuwa unasukuma vumbi machoni. Mupira wa kwanza ukagonga muguu wangu, ukafa pale pale mbele ya vidole.

Baba mukwe akakuja akichechemea. Akasimama. Akatazama mupira, akanitazama mimi.

"Mukwe," alisema polepole, "magoti haya."

Hakusema nimuokotee. Alisema magoti tu.

Muke wangu alikuwa kwenye kamba ya mupaka wa uwanja, mutoto mugongoni, macho kwangu. Nilijua wapinzani wamejaza pumzi vifuani, tayari kupiga kelele. Vidole vyangu vilikuwa vinashuka vyenyewe, wallahi, kama vya mutu mwingine. Nikapeleka gongo mugongoni, nikalishika kwa mikono yote miwili, nikakaza.

Muzee akaanza kuinama. Mukono mumoja pajani, mwingine ukitafuta chini. Magoti yakalia, niliyasikia. Mwanamuke mumoja nyuma ya kamba aliuliza kwa Kibemba kama huyu Mukongomani alizaliwa na mutu ao na mbwa. Nilitazama vijiti.

Akaufikia. Akaurusha kwa mwenzake.

Mupira wa mwisho nilipiga kama maji, kutoka juu, kwa hasira yote ya aibu ile. Ukapita katikati ya watu. Nilikimbia, nikageuka, nikajitupa na tumbo, gongo mbele. Ampaya akakubali. Mbio mbili.

Wenzangu walitaka kunibeba. Nikakataa. Muke wangu alikuwa ameshavuka upande wa baba yake, anamufuta vumbi na kitenge, mimi hata kunitazama hapana. Nikaenda, nikapiga magoti yote mawili mbele ya muzee, nikaomba pardon.

Muzee akashika magoti yake.

"Inuka," akasema. "Ungeokota, mimi njo ningekuwa wa kwanza kupiga kelele."

Muke wangu aliachia kitenge, akamutazama baba yake.

"Lakini kuku utaleta," muzee akaongeza. "Watu wameona nikiinama."

Kopabelti nilicheza mpaka nywele zikaanza kuota mvi, na nyumba niliyojenga huko inaonekana toka barabarani. Lakini kabla ya kupanda basi nilipeleka kuku. Jogoo, mukubwa kuliko wote wa soko la Mununga. Nilimutoa kwa mikono miwili.