Ngoma ya Nyamizi na Pori la Kisimani

Nakumbuka asubuhi moja ya kiangazi, mwanangu, nimekifunga kinu changu kwa kamba, tayari kuhama Mwisole.

Kijiji chetu hicho kilikuwa kidogo, ng'ambo ya Ipole, kando ya njia ya zamani ya wapagazi. Enzi hizo za Mwingereza vijana walikuwa wamekwenda kukata mkonge Tanga, mume wangu mmojawapo. Tukabaki wanawake, watoto, na wazee wa kuota jua. Pori likasogea mpaka kisimani, na mbung'o wakaja nalo. Unamjua mbung'o? Anachoma kama msumari wa moto, na malale yake mtu husinzia mpaka kaburini. Basi mzungu wa wilaya, Bwana Shauri tulivyomwita, akaja akasema: pori la kisimani lisipofyekwa kabla ya mvua, tutahamishiwa wote kijiji kikubwa cha barabarani.

Mwanangwa, mkuu wetu wa kijiji, akakubali upesi. "Watu wa kufyeka wako wapi? Fungeni mizigo."

Nikafunga. Mama mkwe wangu, Nyamizi, akanikuta.

"Kalunde, nani kafa?"

"Hakuna, mama. Tunahama. Tumebaki wachache."

"Fungua kinu hicho! Mimi nimekwenda pwani na wapagazi, chungu kichwani, mumeo mgongoni. Kambi tulizolala tukienda, tukirudi tulikuta pori. Hazikuvamiwa na mtu. Wa mwisho aliondoka na moto wake, basi. Hapa, wa mwisho hatakuwa mkwe wangu."

Nilisikia aibu mpaka masikioni. Nikafungua.

Kwetu kundi la kulima huenda na ngoma, na ngoma ile ilikuwa ya vijana wa kiume, mwanamke haigusi. Nyamizi akaingia kwa mwanangwa, akatoka nayo shingoni, mwanangwa akimfuata nyuma.

"Mama, hiyo ngoma ya wanaume!"

"Waite waje waichukue."

"Wanawake watupu, mtafyeka nini?"

"Tutaanza na ndevu zako."

Tulicheka sisi! Tukashika mapanga hivyo hivyo tukicheka. Yule bibi akapiga tangu umande mpaka jua kali, nasi tukakata kwa mapigo yake, watoto mgongoni. Mbung'o walituuma, viganja vikachubuka, wengine wakalia. Lakini ngoma ikiwa inalia, hakuna aliyegeuka. Miti yenye mizinga ya nyuki ya waume zetu tuliiacha imesimama. Vichaka tukavirundika, vilipokauka tukavichoma. Mwishoni mwanangwa mwenyewe akaja na shoka lake, akakata nasi.

Bwana Shauri aliporudi, alisimama penye nyumba akakiona kisima.

"Wanaume wamerudi lini?"

"Hawajarudi, bwana," akasema Nyamizi. "Wakirudi watatukuta."

Hatukuhamishwa, na walitukuta. Mume wangu aliufuata moshi wa jiko langu.

Siku hizi nawasikia mkisema kijiji kimekwisha, wamebaki vikongwe. Usinihesabie watu, mwanangu. Ukiwapo wewe na una mikono, kijiji kipo. Pori likisogea, usingoje mwenye ngoma. Ivae wewe, watakaonuna wanune. Na ukiondoka, uondoke kwa shughuli yako, si kwa sababu jirani kafunga mzigo.

Mungu akupe ukaidi wa Nyamizi. Moshi wa jiko lako uonekane mbali, na wote walio wako waufuate mpaka nyumbani.