Walioandikwa Miji Miwili

Ofisini walimwita Bi Karani, ingawa makarani walikuwa kumi na wanne na nusu yao wanawake. Jina lilimganda yeye kwa sababu aliipenda kazi. Alikuwa na miaka ishirini na tatu katika ofisi ya takwimu ya jiji, ghorofa ya pili, chumba chenye dirisha lisilofungika vizuri na makabati matatu ya chuma yaliyojaa madodoso. Ukimuuliza mtaa fulani una watu wangapi, alikujibu bila kugusa faili, kisha akakuuliza wewe unakaa wapi ili akueleze na wa kwako.

Jiji lenyewe lilikuwa na ugonjwa mmoja tu, nao ni jiji la ng'ambo ya bonde, mwendo wa saa mbili kwa basi. Kila moja lilijiita jiji la pili kwa ukubwa nchini, na kila moja lilikuwa na kipimo chake. Jiji la Bi Karani lilihesabu walio ndani ya mpaka wa manispaa, likajikuta la pili. Lile la ng'ambo lilihesabu na viunga vyote, mpaka machimbo ya kokoto na mabanda ya ng'ombe wa maziwa, nalo likajikuta la pili. Wote walisema kweli, na ndiyo maana ugomvi haukuisha. Mtu mzima na akili zake angeweza kukataa kinywaji kwenye harusi kwa sababu tu aliyekaa naye meza moja ni wa kule.

Mume wa Bi Karani alifanya kazi kule. Alikuwa fundi wa mashine katika kiwanda cha nguo, mwaka wa kumi na mbili sasa. Alikuja nyumbani Jumamosi saa tisa alasiri na begi lake la kijivu, akaondoka Jumapili baada ya chakula cha mchana. Mlangoni walitaniana sentensi zilezile.

"Mmefika wangapi huko kwenu?" Bi Karani alimuuliza.

"Wengi kuliko nyinyi. Sisi hatuhesabu paka."

Bi Karani alicheka kila mara. Binti yao wa pekee alikwisha kuolewa mbali, nyumba ilikuwa kimya kuanzia Jumatatu, na mwanamke huyu aliishi kwa kuisubiri Jumamosi. Hakuwa na jambo jingine la kusubiri duniani, na hakuona aibu kulisema.

Mwaka wa sensa, wakubwa wa makao makuu walichoka na kelele. Wakatoa amri: kipimo kitakuwa kimoja, jiji pamoja na viunga vyake, na kila mtu atahesabiwa mara moja tu, pale anapolala usiku nne au zaidi kwa wiki. Amri ilikuwa wazi kama mchana. Lakini watu wa jiji la Bi Karani wakaambizana kwamba wale wa ng'ambo wanataka kuwaibia watu. Kaya baada ya kaya zikaandika wote waliokwenda kutafuta kazi kule: waume, watoto, wapwa, hata mpangaji aliyehama na deni. Nani angekubali wa kwao aongeze idadi ya adui?

Bi Karani aliijua amri kuliko wote. Yeye ndiye aliyewafundisha wenzake kuuliza swali la usiku nne. Na jioni karani wa mtaa alipofika kwake, akamuuliza mkuu wa kaya analala wapi, Bi Karani alimjibu, "Hapa. Andika hapa." Karani yule akasita. Bi Karani akamwambia, "Mwanangu, mtu ni wa pale anapopendwa. Andika." Akaandika. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake ya kazi, Bi Karani alidanganya kwenye dodoso, na moyo wake ukaona raha.

Hesabu ya kwanza ilipotoka, miji yote miwili ilikuwa imenenepa kupita kiasi. Kompyuta ya makao makuu ikachambua, ikakuta watu elfu sita mia nne na kumi na wawili walioandikwa pande zote mbili. Orodha ikaletwa ofisini pamoja na nakala za madodoso ya kule. Kazi ilikuwa hivi: karani mmoja anampigia simu mhusika, anamsomea maswali matatu, mwenzake anamkata kwenye mji usio wake, na wote wawili wanatia sahihi. Sharti lilikuwa moja zaidi. Ukikutana na jamaa yako, mpishe mwenzako.

Bi Karani alipangwa na kijana wa meza ya jirani ambaye wote walimwita Mtani, kwa vile hata barua ya onyo kutoka kwa Mkuu wa ofisi alijibu kwa mzaha. Wakakata watu siku nne mfululizo. Mtani akawa anaimba kila wakimpoteza mmoja, "Mwingine huyo kaenda na maji!" Bi Karani anacheka, anachora mstari mwekundu, anatia sahihi.

Jumatano asubuhi, siku ya tano ya kazi hiyo, kabla Mtani hajafika, alifungua bahasha mpya na kulikuta jina la mume wake.

Hakushtuka. Alijua lazima liwemo, maana alimwandika mwenyewe, na kule bila shaka wamemkuta kwenye bweni la wafanyakazi alikosema analala. Hata alitabasamu. Akachomoa dodoso la kule kuona bweni lenyewe lina watu wangapi.

Halikuwa bweni. Ilikuwa kaya ya watu watano, nyumba ya tofali, vyumba vitatu. Mkuu wa kaya ni fundi wa mashine. Hali ya ndoa: ameoa. Kisha mke, umri miaka thelathini na nne, mshonaji. Watoto watatu: wa miaka tisa, sita na miwili. Na pale kwenye kisanduku cha idadi ya wake, ambacho wanaume wengi hukijaza kwa kujigamba, palikuwa na tarakimu moja imeandikwa vizuri. Moja.

Alikaa akikitazama kisanduku kile. Angeandika wawili, Bi Karani angelia, angewaita wazee, angegomba mpaka sauti ikauke, na huenda mwisho wa yote angevumilia, kwa kuwa alimpenda. Lakini mwanaume alikuwa ameulizwa ana wake wangapi, akafikiri, akajibu mmoja. Na huyo mmoja hakuwa yeye. Mtoto wa miaka tisa alizaliwa mwaka ule mama yake Bi Karani alipofariki. Mume alikuja mazishini, akarudi kesho yake. Alisema mashine zimekwama.

Mtani akaingia na chai mbili. "Bi Karani, mbona uso umekaa kama barua ya serikali?"

"Kichwa kinauma. Piga hii."

Alimpa kijikaratasi chenye jina na namba ya simu, basi. Sharti alilitimiza: alimpisha mwenzake. Ofisini Bi Karani alijulikana kwa jina la baba yake, na mume wake hakuwahi kupanda ngazi zile, hivyo Mtani hakuwa na la kushuku. Akabonyeza spika kama kawaida ili mwenzake asikie, akapiga.

"Shikamoo mzee. Naongea kutoka ofisi ya takwimu. Umeonekana umeandikwa miji miwili. Ni maswali matatu tu, hata chai yako haitapoa."

"Marahaba. Uliza, baba." Sauti ilikuwa yake, na nyuma yake mtoto alikuwa anadai kiatu.

"Kwa wiki, usiku nne au zaidi unalala wapi?"

"Huku, kwangu."

"Na nyumbani kwako hasa ni wapi?"

"Si ndiyo hukuhuku? Mke wangu yuko huku, watoto wangu wako huku."

Bi Karani alikuwa ameishika kalamu kwa mikono miwili.

"La mwisho, mzee. Kule kwingine ulikoandikwa ni kwa nani?"

Mume alimwelekeza mtoto kiatu kilipo. Mtu akikumbuka alipoweka funguo huchukua muda kama huo.

"Kule... kule ni kwa dada yangu. Huwa napita kumjulia hali mwisho wa wiki. Yuko peke yake. Nadhani aliniandika kwa mapenzi tu."

"Basi dada yako anakupenda, mzee!" Mtani akacheka. "Wengine dada zetu hata salamu hawatupi. Asante, siku njema." Akakata simu, akamgeukia Bi Karani. "Wa kwao huyo. Kata."

Bi Karani akakata. Mstari ulinyooka, maana mkono una mazoea yake. Akatia sahihi chini ya sahihi ya Mtani, akaomba ruhusa ya kwenda chooni, na huko akasimama akiwa amefungulia bomba ili asisikike.

Alhamisi matokeo yakatoka. Kwa kipimo kipya, jiji la ng'ambo lilikuwa la pili, kwa tofauti ya watu elfu moja mia tisa na watatu. Mkuu alisoma tarakimu kwa sauti ya msibani. Makarani wakainamisha vichwa. Hapo ndipo Bi Karani alipolia, kilio cha wazi, mabega yakitikisika, mbele ya makarani wenzake kumi na watatu.

Mkuu mwenyewe akaja kumshika bega. "Basi, mama, basi. Miaka kumi si mingi. Wenzetu watarudi, tutawahesabu tena."

"Hawarudi," alisema Bi Karani, na wote wakaguswa sana na jinsi alivyolipenda jiji lake.

Jumamosi saa tisa alasiri begi la kijivu lilikuwa mlangoni. Mume alikuwa amesikia redio njiani, na utani alikuwa nao tayari mdomoni.

"Haya, nani anahesabu paka sasa?"

Bi Karani alimfungulia mlango. Uso alikuwa ameunawa, nguo alizovaa zilikuwa za kawaida. Sebuleni, kwenye kochi refu, alikuwa ametandika shuka safi na kuweka mto mmoja, kama afanyavyo kwa wageni.

"Karibu, kaka," alisema.

Mume alilitazama kochi. Akamtazama yeye. Begi lilibaki mkononi, na utani uliisha usoni mwake polepole. Bi Karani alimngoja aulize kwa nini anamwita hivyo. Alimngoja kwa moyo wote, kwa sababu kama angeuliza, kama angeshangaa japo kidogo, huenda ile sauti ya simuni ilikuwa ya mtu mwingine.

Hakuuliza. Aliliweka begi chini kando ya kochi, akaketi, akaanza kufungua kamba za viatu.