Nywele za Kuzuia Nguruwe

Hadi leo nikipita mlangoni pa kinyozi, ile harufu ya nywele mbichi, jasho na poda hunirudisha kwenye msimu tuliohangaika na nguruwe pori. Tulikaa Musaga, pembezoni mwa mji, na shamba la mihogo la mama lilikuwa juu mlimani, pale nyumba zilipokomea na kichaka kuanza. Babu alimpa alipoolewa, na kwa desturi yetu ardhi ya namna hiyo binti huitumia tu. Kaka zake wakipata sababu, huidai. Mjomba, kaka yake mkubwa, alikuwa akiitafuta sababu hiyo, na nguruwe wakampa. Kila asubuhi tulikuta udongo umepinduliwa na mihogo michanga imetafunwa. Siku moja mjomba alikuja, akazunguka shamba lote, kisha akasema kwa upole, "Kama hii shamba iko inalisha nguruwe, musimu ikiisha irudi kwangu." Mama alikaza kitenge chake kiunoni, nami nikaogopa kwa niaba yake.

Mitego hatukuthubutu kutega, maana mbuzi wa majirani walipita humo. Ndipo mama aliposikia sokoni kwamba nguruwe hukimbia harufu ya mtu, na kwamba wakulima wengine humwaga nywele mipakani mwa mashamba. Nikawa mwokota nywele wa kinyozi wetu, na niseme kweli, niliipenda sana kazi hiyo. Nilitaka kujua kila kitu: je, nguruwe huogopa nywele za padri kuliko za mlevi? Mvi zina harufu kali zaidi? Mama aliniambia nimwage kwanza, maswali baadaye. Tulimwaga mstari mrefu kando ya kichaka, na nyayo zikaanza kuishia hapo. Nilichuchumaa nikizitazama zilivyosita na kugeuka, nikajiona mpelelezi.

Nywele za kinyozi hazikutosha upande wa juu, basi mama akaenda saluni ya wanawake, akarudi ameng'ara, na gunia limejaa nywele ndefu nyeusi, nyingine nyekundu. Tulizimwaga zote. Kesho yake nguruwe walikuwa wamepita hapo hapo, na safu nzima ya mihogo ilikuwa chini. Mama alikaa kwenye matuta, akalia. Mimi nilishindwa kuelewa kwa nini upande huo tu. Niliokota kidogo, nikanusa, sikusikia jasho wala mafuta. Nyumbani nikazitia kwenye makaa. Badala ya kunuka nywele, zikayeyuka na kunuka beseni la plastiki lililoungua. Nikamwita mama aone. Aligeuzageuza kile kidonge cheusi, kisha akashika misuko ya kichwani mwake mwenyewe, akacheka mpaka akashika ukuta.

"Mutoto wangu, hii apana nywele ya mutu," akasema. "Ni meshi, ile ya dukani ya kusukia."

Siku hiyo hiyo alifumua misuko, akaenda kwa kinyozi, akanyoa kichwa chote. Nywele zake ndizo zilizotangulia kumwagwa upande wa juu, na za wateja wengine zikafuata kadiri zilivyopatikana. Mjomba alipokuja wakati wa mavuno alikuta mihogo imejaa uani na dada yake ana upara. Alikula ugali, akashukuru, akaondoka bila kuitaja ardhi.

Sasa kichaka kimekwisha. Nyumba za matofali zimepanda mlima mzima, na watoto wangu wanadhani nguruwe pori ni wa kwenye televisheni. Mama amezeeka, lakini bado analima kipande chake katikati ya kuta za watu, na kila nikinyoa hunidai nywele zangu. Juzi nilimpelekea, akazimwaga taratibu kwenye mstari ule ule. Udadisi wangu haujapona, nikamuuliza anamzuia nani siku hizi, na nguruwe waliisha zamani.

Alikung'uta mfuko mpaka unywele wa mwisho ukaanguka.

"Nguruwe waliisha," akasema, "lakini mujomba wako angali muzima."